Fimbo ya gofu inateleza mikononi mvua ikinyesha: nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, habari. Mimi hucheza gofu wikendi hapa Nairobi, handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ndio bora) ni 22. Tangu mvua ya masika ianze, fimbo inanigeukia mikononi, hasa draiva, ile ndefu ya kupigia mbali, na mpira unatorokea kulia mitini. Nilinunua glovu mpya ya ngozi lakini wapi. Wenzangu wananiambia nikaze mikono zaidi. Mmoja anasema nipake mikononi unga wa resini wa kuzuia kuteleza, mwingine anadai huo ni udanganyifu. Nishike lipi? — Msomaji, South B

JIBU: Wa kwanza kutomsikiza ni huyo anayekwambia ukaze. Ukiiminya fimbo, misuli ya kigasha inakakamaa, vifundo vya mikono vinachelewa kufunguka, na uso wa fimbo unaufikia mpira ukiwa bado wazi. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira wa namna hiyo huenda kulia, kule kule unakolalamikia. Huenda basi nusu ya tatizo lako si maji, ni dawa uliyopewa.

Kabla ya kufika kwenye mvua, itafute glovu yako ya zamani, nadhani bado iko kwenye buti la gari. Itazame sehemu ya chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Ikiwa imelika au imetoboka hapo, unaishikia fimbo kiganjani badala ya vidoleni, nayo inasugua kila unapopiga. Siku ya jua ngozi kavu inakusitiri. Mvua ikija unaumbuka. Mpini ulale kwenye mashina ya vidole, nyama nene ya kiganja ikae juu yake, na kazi ya kuubana ifanywe na vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto. Jipime hivi: shika fimbo kwa mkono huo peke yake, iinue mbele yako, halafu achia gumba na kidole cha shahada. Ikitulia, uko sawa. Ikianza kuzunguka, rekebisha hapo kwanza kabla hujatumia shilingi yako dukani.

Sasa glovu. Ile nyeupe laini ya ngozi ya kondoo ni ya siku kavu. Ikinywa maji inalegea, inavutika na kuteleza, na upya wake haubadilishi kitu. Tafuta glovu za mvua, zilizotengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi bandia kinachofanana na suedi. Hizo hushika vizuri zaidi zikilowa, na huuzwa jozi kwa sababu huvaliwa mikono yote miwili. Usione haya kuonekana na glovu mbili: Tommy Gainey wa Marekani huvaa mbili hata jua likiwaka, na mwaka 2012 alishinda shindano la PGA Tour, ligi kuu ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Kukiwa na manyunyu tu, yale ya Julai yasiyolowesha wala kukauka, zimwagie maji kidogo kabla ya kuanza. Kama bado hujazipata, beba za ngozi tatu hivi uzivae kwa zamu, zile kavu zikae ndani ya mkebe wa chakula wenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na ya kitambaa inapitisha maji.

Lakini jambo ambalo wachezaji wengi hawaliangalii ni mkoba. Fimbo hukaa vichwa juu, gripu (ule mpira wa kushikia kwenye mpini) chini. Mvua inapiga vichwa, maji yanateremka kwenye shafti, yaani ule mti wa fimbo, na kutuama pale chini ambapo gripu zote zimerundikana. Unaweza kutembea na mwavuli mashimo tisa, mikono yako mikavu kabisa, kisha ukachomoa fimbo namba saba iliyolowa chepechepe. Kofia ya mkoba ifungwe tone la kwanza likianguka, siyo baada ya kukubali kwamba kweli inanyesha. Na mwelewane na kedi wako, anayekubebea mkoba, mapema: fimbo itolewe chini ya mwavuli, ipanguswe gripu, ukabidhiwe ukiwa umeshaamua unalenga wapi. Ukishapiga, ipanguswe tena kabla ya kurudi mkobani.

Hapo taulo moja haitoshi. Ile inayoning'inia kwenye mkoba ikifika shimo la tatu ni kama tambara la deki, hasa ukicheza upande wa kusini wa jiji kwenye udongo mweusi. Iache hiyo ya matope, na nyingine itundike ndani ya mwavuli, kwenye mbavu zake, iwe ya mikono na gripu tu. Isiguse mpira, isiguse kichwa cha fimbo.

Kuhusu resini, rafiki yako wa pili amekosea. Kanuni ya 4.3 ya gofu inaruhusu resini, unga na vitu vingine vya kukausha mikono, pamoja na glovu za kawaida. Kinachokatazwa ni kifaa kinachoipanga mikono yako mahali pake au kukusaidia kubana. Mimi mwenyewe siipendi resini mvua ikinyesha kwa nguvu, kwa sababu ikichanganyika na maji na matope inaacha utando kwenye gripu, nawe utausugua wiki nzima.

Zikague gripu zenyewe pia. Mpira wa gripu uliozeeka hung'aa na kuwa mgumu kwa mafuta ya mikono. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, uzikaushe. Zikibaki zinang'aa, badilisha, na kwa mtu anayecheza masika na vuli ningechagua zile zenye nyuzi za pamba ndani ya mpira. Zinakwaruza kidogo, lakini hazikuachi. Zile laini zinazonata dukani ndizo hutesa zaidi zikilowa. Si lazima ubadilishe zote kwa mkupuo. Anza na draiva.

Uwanjani, shika chini kidogo ya kawaida, chukua fimbo ndefu kwa hatua moja (namba sita badala ya saba), upige kwa robo tatu ya nguvu. Nyasi zimelowa, mpira hautaviringika, kwa hiyo kutafuta nguvu hapo ni kujisumbua bure. Ukiona radi, huhitaji kungoja king'ora: Kanuni ya 5.7 inakuruhusu kusimamisha mchezo wako ukiwa na sababu ya kuamini kuna hatari hiyo.

Ukifika nyumbani toa fimbo zote mkobani, uziegemeze ukutani gripu zikiwa juu, na mkoba uachwe wazi usiku kucha. Glovu ya ngozi inyooshe, uianike kivulini. Ukiiweka karibu na jiko itakauka kama ubao, na Jumamosi utanunua nyingine.