Hati ya shamba ninayo, kwa nini nizuiwe kuvuta maji?

SWALI: Nimenunua ekari tatu juu kidogo ya Igurusi, wilayani Mbarali. Kijito kinakatiza katikati ya shamba. Nilifunga pampu ya petroli nimwagilie vitunguu, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji akaja kuniambia nizime mpaka nipate kibali. Hati ninayo. Ana haki?

JIBU: Anayo, ndugu yangu. Hati imekupa ardhi. Maji yanayopita juu yake hukuuziwa, na aliyekuuzia hakuwa nayo ya kuuza. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ukichota ndoo za kunywa na kupikia, hakuna atakayekudai karatasi. Pampu ya kumwagilia inataka kibali cha kutumia maji, kinachotaja chanzo, kiasi na kazi ya maji hayo. Wazee bado wanakiita "haki ya maji", jina la enzi za sheria ya 1974. Mimi naona jina lile lilituponza: mtu akisikia haki, anadhani ni yake milele.

Kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia mto au ziwa moja, si jumuiya. Kijito chako kinashukia tambarare ya Usangu, kwa hiyo ni Bonde la Rufiji, ofisi Iringa. Ungekuwa Rungwe ungekwenda Tukuyu, Bonde la Ziwa Nyasa. Fuata maji yanakoelekea, usifuate mipaka ya mkoa, utapoteza nauli.

Usimwone mwenyekiti mkorofi. Kiangazi, kila tone Usangu lina anayelingoja kwenye banio la chini, pale maji yanapochepushwa kwenda mashambani. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji hayo, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kuacha kutiririka kiangazi kumekuwa jambo la kawaida. Hata ukipata kibali, maji yakipungua utapunguziwa.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi hukukiuliza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Shamba la ekari tatu, likiwa na umbo la mraba, ni kama mita 110 kwa 110. Kijito kikipita katikati, mita 60 kila upande zinalimeza shamba lote. Kabla hujanunua petroli nyingine, waombe watu wa bonde na afisa mazingira wa halmashauri waje na futi kamba, wakuonyeshe panapolimika.