Matangazo yangu ya barua pepe yanaishia kwenye spamu, nianzie wapi?

Swali: Nina biashara ndogo, na kila wiki natuma barua pepe ya matangazo kwa wateja wapatao 2,000 kupitia huduma ya kutuma barua kwa wingi. Anwani ya mtumaji wanayoiona ni Gmail yangu ya siku zote. Zamani zilifika vizuri, lakini sasa wateja wananiambia wanazikuta kwenye folda ya spamu, na wengine hawazipati kabisa. Nimeondoa maneno kama "bure" na "punguzo", nimeacha herufi kubwa, na sijaona tofauti. Rafiki ananishauri ninunue orodha ya anwani ili nifidie wale nisiowafikia. Nifanye nini?

Jibu: Orodha hiyo usiinunue. Naanza na hilo kwa sababu madhara yake huchukua muda mrefu kuondoka, na sababu nitazieleza huko mbele.

Maneno uliyoyafuta hayakuwa chanzo. Vichujio vya spamu vya miaka mingi iliyopita vilitegemea sana maneno, lakini vya leo huanza na mambo mawili: je, mtumaji ni yule anayedai kuwa? Na watu wanaopokea barua zake huzifanyia nini? Wewe unaanguka kwenye jambo la kwanza kabla hata ya kufikia la pili.

Barua yako inasema imetoka gmail.com, ilhali seva (kompyuta ya kutuma na kupokea barua) iliyoituma ni ya kampuni nyingine kabisa. Seva inayopokea haina namna ya kukutofautisha na tapeli anayetumia anwani ya mtu. Yahoo walilibana hili tangu Aprili 2014, walipotangaza sera inayoziambia seva nyingine zikatae barua yenye anwani ya yahoo.com isiyotoka kwao. Google nao, katika masharti ya watumaji yaliyoanza Februari 2024, wanaonya dhidi ya kuweka anwani ya Gmail kwenye barua iliyotumwa kupitia mfumo wa mwingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusajili kikoa chako mwenyewe, yaani jina lako la mtandaoni linalokaa baada ya alama ya @, na kutuma matangazo kwa anwani ya kikoa hicho. Bila hilo, mengine yote ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Ukishapata kikoa, kuna rekodi tatu za kuweka kwenye DNS yake, yaani daftari la mtandaoni linaloeleza taarifa za kikoa. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. DKIM huweka saini ya kidijitali kwenye kila barua, na seva inayopokea huihakiki kwa ufunguo uliouweka hadharani. DMARC huzifunga hizo mbili kwenye anwani ambayo mpokeaji anaiona, kisha huelekeza barua isiyokidhi ifanyweje. Kwa masharti ya Google, kila mtumaji lazima awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa kuwa na zote tatu, na Microsoft waliweka kiwango hichohicho kwa Outlook.com kuanzia Mei 2025. Wewe hujafika huko kwa idadi, lakini weka zote tatu. Kazi yake ni ya siku moja, na ndiyo inayokupa jina lako mwenyewe mbele ya vichujio.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo twende taratibu. SPF haiangalii anwani anayoiona msomaji. Inaangalia anwani iliyofichika, ile ya kurudishia barua zilizoshindwa kufika, na huduma nyingi za kutuma kwa wingi huweka hapo kikoa chao wenyewe. Matokeo yake SPF inafaulu kwa jina la kampuni ya kutuma, siyo kwa jina lako, na DMARC haikubali, kwa kuwa inataka kikoa kilichofaulu kilingane na kile kinachoonekana kwa msomaji. Ndiyo maana DKIM ni muhimu zaidi kwako. Ingia kwenye mipangilio ya huduma yako, tafuta sehemu ya kuthibitisha kikoa, nakili rekodi wanazokupa, uzibandike kwenye DNS. Kuanzia hapo barua zitatiwa saini kwa jina lako. Saini hiyo pia hustahimili barua inapopelekwa mbele kwenda anwani nyingine, maadamu maudhui hayakuguswa, wakati SPF kwa kawaida huvunjika.

Angalia makosa mawili ya SPF ninayoyakuta kila mara. La kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja: mtu ana ya barua za kawaida ofisini, halafu anaongeza nyingine ya huduma ya matangazo. Inatakiwa iwe moja tu, yenye watumaji wote ndani yake. Zikiwa mbili, ukaguzi unatoa hitilafu na zote zinakuwa bure. La pili ni kujaza huduma nyingi mno, kwani SPF inaruhusu utafutaji 10 tu wa DNS kwa kila ukaguzi.

Kwa DMARC anza na rekodi nyepesi, mfano:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoachako.example

Hapo p=none haizuii chochote, bali inakuletea ripoti za nani anatuma kwa jina lako. Ripoti zikionyesha kwamba barua zako halali zote zinafaulu, panda hadi p=quarantine, inayoagiza barua zisizofaulu zitiliwe shaka, kwa kawaida kwa kupelekwa spamu.

Kisha jijaribu. Tuma barua moja kwenye Gmail yako, fungua menyu ya vidoti vitatu, uchague kuona ujumbe wa asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, na zote zinapaswa kusomeka PASS. Usiishie kwenye neno hilo. Soma na kikoa kilichotajwa kwenye mstari wa DKIM, kwa kuwa kikiwa cha kampuni ya kutuma, kazi haijakamilika.

Sasa turudi kwenye orodha. Google wanataka malalamiko, yaani watu wanaobonyeza kitufe cha kuripoti taka (spamu), yasifike asilimia 0.3, na wanashauri yabaki chini ya asilimia 0.1. Piga hesabu: kama barua zako 1,000 zinaingia kwenye vikasha vya Gmail, watu watatu tu wakibonyeza kitufe hicho umeshagusa mpaka. Watatu! Mtu ambaye hajawahi kukusikia hana sababu ya kukuonea huruma, na orodha ya kununua imejaa watu kama hao. Isitoshe, ndani yake huwa na anwani zilizokufa, na anwani za mtego zisizo na mwenyewe, ambazo mashirika ya kupambana na spamu kama Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998, hutumia kuwanasa watumaji wasioomba ruhusa. Ukinaswa, hata wateja wako wa kweli hawatakupata.

Hata orodha yako ya sasa nina wasiwasi nayo, kwa kuwa hukueleza ulivyoikusanya. Aliyenunua mara moja miaka kadhaa iliyopita na hajagusa barua tangu hapo, mtoe. Anwani iliyorudisha barua kwa kuwa haipo, ifutwe mara moja. Anayejiandikisha upya, mtumie kwanza barua ya kuthibitisha, aingie kwenye orodha akishabofya. Najua inauma kuona 2,000 zikishuka hadi 1,100, lakini hao 1,100 ndio wanaokusoma. Usipime uhai wa mtu kwa kufungua barua peke yake. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple hupakua yenyewe picha zilizomo kwenye barua kwa aliyewasha ulinzi wa faragha, hivyo inaonekana amefungua hata kama hakufungua. Tazama mibofyo, majibu na manunuzi.

Njia ya kujiondoa iwe wazi na ya mbofyo mmoja. Wapo wafanyabiashara wanaoificha chini kabisa kwa maandishi ya kijivu, wakidhani wanawazuia wateja wasiondoke. Asiyeiona atabonyeza kitufe cha taka, ambacho kinakuumiza zaidi. Huduma nyingi kubwa za barua pepe, kama Gmail, huweka kitufe cha kujiondoa karibu na jina la mtumaji. Hakikisha njia hiyo imewashwa kwenye huduma yako ya kutuma, na aliyejiondoa aondolewe ndani ya siku 2.

Kuhusu maudhui sina mengi. Epuka barua ambayo yote ni picha moja, na epuka viungo vilivyofupishwa, maana vichujio haviwezi kujua vinaelekea wapi. "Punguzo" unaweza kulirudisha. Na kama barua imeingia kwenye kichupo cha matangazo cha Gmail, hiyo siyo spamu. Imefika, wala usihangaike kuitoa huko.

Jambo la mwisho ni mwendo. Kikoa kipya hakina historia, na kutuma barua 2,000 siku ya kwanza kunatia shaka. Anza na wateja wachache walionunua karibuni, kama 100 hivi, kisha ongeza kila wiki huku ukitazama malalamiko kwenye Google Postmaster Tools, zana ya Google inayomwonyesha mtumaji hali ya barua zake kwenye Gmail. Kwa idadi ndogo huenda isionyeshe takwimu yoyote, na hata ikionyesha, barua zilizokwishaangukia spamu hazihesabiwi, kwa hiyo sifuri isikutulize peke yake. Katika hilo kundi la kwanza waweke wale waliokuambia wanazikuta barua zako kwenye spamu. Kabla ya kutuma, wajulishe anwani yako mpya kwa simu au ana kwa ana, na uwaombe wakiikuta tena huko waitie alama kuwa si taka, kisha wakujibu hata kwa neno moja.