Niliyojifunza kwa kuunguza: konekta na nyaya za pikipiki

Konekta ya kwanza, yaani kiungio cha plastiki cha kuunganishia nyaya, niliyoifunga mwenyewe ilidumu kama wiki tatu. Ilikuwa ile ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye stata (koili zinazozalisha umeme ndani ya injini) kwenda kwenye rektifaya (kifaa kinachougeuza umeme huo uweze kuchaji betri). Nilimenya waya kwa meno, nikabana teminali, vile vipande vya chuma vya kwenye ncha za waya, kwa plaizi bapa, nikavuta kidogo zikashika, nikazungushia tepu nyeusi na kujiona fundi. Pikipiki iliporudishwa, betri ilikuwa haichaji na plastiki ya konekta imeyeyuka kama nta. Mwenyewe alidhani rektifaya imekufa. Rektifaya ilikuwa nzima. Muuaji nilikuwa mimi.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu wengi wanaoingia kazi hii huamini kwamba umeme ukipita, kiungo ni kizuri. Umeme hupita hata kwenye uzi mmoja wa shaba ulioponea. Shida huja mzigo ukiongezeka. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1, kiasi ambacho mita ya kawaida ya mkononi haikisomi kwa uhakika. Ampea 10 zikipita hapo, volti 1 inapotea njiani na wati 10 zinageuka joto, ndani ya kipande cha chuma kisichozidi punje ya harage. Balbu za indiketa za pikipiki nyingi ni za wati 10. Iache moja iwake mfululizo dakika mbili, kisha jaribu kuishika. Joto hilo hulegeza springi ya teminali jike (ile inayoipokea dume), shaba inashika weusi, ukinzani unapanda, joto linazidi. Konekta inaweza kuvumilia mwezi mzima bila dalili, halafu ikaungua ndani ya siku moja.

Kwa hiyo usikipime kiungo kwa mlio wa mita. Mlio unakwambia tu kwamba waya haujakatika. Kipime kikiwa kazini: washa taa ya mbele, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja upande huu wa kiungo na nyingine upande ule. Kiungo kizuri hupoteza sehemu ndogo sana ya volti, sehemu chache tu za mia za volti moja. Ukiona kinapita volti 0.1, kifungue ukifanye upya, hata kama kwa nje kinang'aa.

Sasa teminali yenyewe. Ishike karibu na macho uitazame vizuri, kwa sababu wengi huibana bila kujua imetengenezwaje. Kwenye konekta nyingi za pikipiki utakuta jozi mbili za mabawa. Jozi ya mbele, fupi, ni ya shaba. Jozi ya nyuma, ndefu zaidi, ni ya kushika ganda la waya. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa: ya mbele inapitisha umeme, ya nyuma inazuia mtikisiko wa injini usifike kwenye shaba. Ukimenya waya mrefu mno, mabawa ya nyuma yanashika shaba tupu na waya utakatikia hapo hapo. Ukimenya mfupi, mabawa ya mbele yanauma ganda na umeme unapita kwa kubahatisha. Ukingo wa ganda unatakiwa uonekane katikati ya jozi hizo mbili, na ncha za nyuzi zichungulie mbele ya mabawa ya shaba kwa kadiri ya milimita moja. Zikizidi hapo zinaweza kuzuia teminali ya upande wa pili isiingie hadi mwisho.

Plaizi bapa hukandamiza mabawa yakalala tu juu ya waya, na chini yake hubaki nafasi za hewa ambamo unyevu utaingia. Plaizi ya kubania teminali za wazi ina mdomo wenye umbo kama moyo: inayakunja mabawa yote mawili kwa ndani, yanashuka katikati ya nyuzi na kuzisukuma pembeni. Ukikata kiungo kizuri na kukitazama kwa mbele utaona umbo kama herufi B, na nyuzi zimeshikamana hadi huoni tena kila mmoja peke yake. Ndiyo maana nasema kwa anayeanza: ukipata fedha ya kununua kifaa kimoja tu kizuri, kiwe hicho. Bisibisi ya kuazima itafanya kazi. Plaizi ya kubahatisha itakurudisha kwenye pikipiki ile ile.

Halafu kuna saizi. Teminali hutengenezwa kwa unene fulani wa waya. Nyaya za taa ndogo na swichi mara nyingi ni milimita za mraba 0.5 au 0.85, za taa kubwa na chaji ni 1.25 hadi 2. Kuweka waya wa 0.5 kwenye teminali ya 2 na kuukunja mara mbili ili ujae ni ujanja niliouona kwa mafundi wenye miaka mingi. Miaka haifanyi ujanja huo kuwa sahihi.

Kumenya pia kuna makosa yake. Waya mwembamba wa pikipiki una nyuzi chache tu, na kisu kikizunguka kwa nguvu kinakata nne tano bila wewe kusikia. Tumia kifaa cha kumenyea chenye matundu ya saizi, na ukiona uzi umedondoka mezani, kata uanze tena. Kwa pikipiki ya zamani, tazama rangi ya shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, unyevu umepanda ndani ya ganda na kubana hapo ni kazi bure. Rudi nyuma ukikata kidogo kidogo hadi shaba ing'ae, kisha ongeza kipande cha waya wa unene ule ule. Kusugua kwa msasa kunasafisha nje tu. Kati ya nyuzi weusi unabaki.

Kabla hujabana: mrija wa kusinyaa kwa joto, au kizibo cha mpira kwa konekta zisizoingiza maji, viingie kwenye waya kwanza. Utasahau. Kila mtu husahau, kisha hukaa akiitazama teminali iliyobanwa vizuri ambayo lazima ikatwe.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni kuhusu lehemu: si bora kulehemu kuliko kubana? Nami niliamini hivyo zamani, kwa kuwa lehemu inaonekana imara. Lakini lehemu ikiyeyuka hupanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi, na pale inapoishia panakuwa na mpaka kati ya sehemu ngumu kama msumari na sehemu inayopinda. Pikipiki inatikisika muda wote, na waya huchoka kwenye mpaka huo. Niliwahi kuhangaika siku mbili na pikipiki iliyokuwa ikizimika kila ikikata kona ya kushoto. Nilifungua kabureta, nikabadilisha plagi, nikalaumu swichi ya stendi. Mwisho nikakuta kiungo cha lehemu, safi sana, kimefichwa ndani ya tepu karibu na shingo ya usukani. Nyuzi zote zimekatika sentimita moja kutoka kwenye lehemu, na usukani ukigeuka ncha zinaachana. Kama ni lazima ulehemu, iwe mahali pasipopinda, na waya ushikiliwe pande zote mbili. Ila usipake lehemu kwenye ncha halafu ukaibana kwenye teminali. Lehemu ni laini, hujisogeza taratibu chini ya mbano, na baada ya muda kiungo kinalegea chenyewe.

Vile vidubwana vya plastiki vya kuchomeka waya mpya juu ya wa zamani bila kumenya, wanaofunga taa za ziada huvipenda kwa kuwa ni haraka. Vinakata baadhi ya nyuzi na kufungulia maji mlango. Kwenye pikipiki mimi siviweki.

Rangi za nyaya zitakusaidia mradi usihamishe ujuzi wa chapa moja kwenda nyingine. Kwa kawaida ethi, yaani waya unaounganishwa na fremu na upande hasi wa betri, ya Honda ni kijani. Ya Yamaha ni nyeusi, ya Suzuki nyeusi yenye mstari mweupe, ya Kawasaki nyeusi yenye mstari wa njano. Waya mweusi mtupu wa Honda ni wa moto, unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Fikiria mtu aliyezoea Yamaha akiufunga waya huo kwenye fremu! Na kama pikipiki imepita mikononi mwa watu kabla yako, rangi ni uvumi tu hadi mita ithibitishe.

Kuingiza teminali kwenye nyumba ya konekta ni kazi ndogo ambayo hupoteza muda mwingi. Teminali ina ulimi mdogo wa kujifungia ndani. Isukume hadi isikike ikilia "tik", kisha uvute waya kwa nyuma. Ikirudi, ulimi umelala; uinue kidogo kwa ncha nyembamba na urudie. Piga picha kabla ya kutoa chochote, na kumbuka kwamba konekta ikitazamwa kwa mbele na ikitazamwa kwa nyuma, kushoto na kulia vinabadilishana. Michoro mingine huonyesha upande wa nyaya, mingine upande wa kuchomekea. Angalia ni upande upi kabla ya kuhesabu matundu.

Upande unaotoka kwenye betri uwe na teminali jike, iliyojificha ndani ya plastiki. Konekta ikifunguka yenyewe barabarani, dume yenye moto ikiguswa na fremu italipua fyuzi, na kama hakuna fyuzi, utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Ukimaliza, usikimbilie kuwasha. Tangu mwanzo ulipaswa kuwa umefungua ncha hasi ya betri kwanza, na sasa unarudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Hivyo spana ikigusa fremu wakati unakaza chanya, hakuna kinachotokea. Kabla ya kurudisha fyuzi kubwa, weka mahali pake balbu ya breki ya volti 12 wati 21 yenye vipande viwili vya waya. Zima taa zote, kisha fungua ufunguo. Balbu ikikaa kimya au ikiwaka kwa unyonge, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna waya unaogusa fremu, na balbu imeubeba mkondo ambao ungeunguza kazi yako ya mchana mzima. Iache ikiwaka, geuza usukani kulia na kushoto, tikisa konekta moja moja. Pale itakapozima ghafla ndipo waya ulipoachana na fremu.