Mswada wa kwanza: ogopa kukubaliwa haraka kuliko kukataliwa

Ukimaliza mswada wako wa kwanza, hofu inayokujia ni ya kukataliwa. Nami ilinikumba hivyohivyo. Lakini katika majibu yote niliyopata kabla kitabu changu hakijatoka, lililokaribia kunitia hasara lilikuwa la kunikubali, tena kwa sifa tele na ndani ya siku chache tu. Mswada wangu, niliambiwa, umewavutia sana, na ungetoka upesi endapo ningetoa “mchango” wa uhariri, jalada na uchapaji. Niliisoma ile barua mara kadhaa nikitafuta jina la mhusika wangu hata mmoja, au tukio lolote la hadithi. Hapakuwa na kitu. Angeweza kutumiwa barua ileile mtu aliyeandika mwongozo wa kufuga nyuki.

Sikujibu. Tangu hapo, mtu akiniuliza habari za kuchapisha, naanzia kwenye fedha. Mchapishaji wa kweli huweka fedha zake kwenye kitabu chako: humlipa mhariri, msanifu wa jalada na mpiga chapa, kisha huzirudisha kwa kuuza nakala. Kwa hiyo ni mgumu wa kukubali, maana akikosea hasara ni yake. Anayekutoza wewe amekwisha kupata faida kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Ana sababu gani ya kukataa mswada mbovu? Na ana sababu gani ya kuhangaika kuuza ulio mzuri?

Ile barua iliniahidi hata ISBN, kana kwamba ni tuzo. ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni, yenye tarakimu 13 tangu 2007. Toleo la karatasi huwa na yake na la kidijitali yake. Haithibitishi ubora wala umiliki. Hakimiliki yenyewe huihitaji hata kuinunua: kwa Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi ni yako tangu ulipoiandika, bila kusajili popote.

Sisemi kujichapishia ni kosa. Kuna vitabu vinavyofaa kabisa njia hiyo, hasa kama wasomaji wako unawafahamu na unajua pa kuwapata. Siku hizi nakala huweza kuchapwa moja moja kadiri zinavyoagizwa, hulazimiki kujaza chumba maboksi. Ila ukijichapishia, kila kitu kiwe chako: haki zote, mafaili ya mpangilio na ya jalada, faida yote. Umtafute mhariri mwenyewe na umlipe kwa kazi yake. Ninachokipinga ni kulipa kama aliyejichapishia huku unasaini kuachia haki kama aliyechapishwa na kampuni.

Kama umeamua kutafuta mchapishaji, kazi kubwa ni kujua mlango wa kubisha. Mimi nilitoa rafuni vitabu vinavyofanana na changu, nikafungua ule ukurasa wa mwanzoni ambao hausomwi na mtu, wenye jina la mchapishaji na mwaka wa toleo. Halafu nikaenda kwenye shukrani, kwa sababu waandishi wengi humshukuru mhariri wao kwa jina. Hapo unapata orodha fupi ya watu wanaopenda aina yako ya kitabu, ambayo ni bora kuliko kutawanya mswada kila upande. Kampuni inayoishi kwa vitabu vya kiada haitachukua diwani yako ya mashairi hata ikiwa tamu namna gani. Zipo pia kampuni kubwa zisizopokea mswada ila kupitia kwa wakala, yaani mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji. Wakala mwaminifu hakutozi ada ya kusoma. Hukata sehemu ya mapato yako, kwa kawaida asilimia 15, kitabu kikishapata mkataba.

Riwaya itume ikiwa imekamilika. Kitabu kisicho cha kubuni mara nyingi unaweza kukiombea nafasi kwa pendekezo lenye maelezo ya kitabu, orodha ya sura na sura moja au mbili za mfano. Maelekezo ya mchapishaji yafuate kama yalivyo: akitaka sura tatu za mwanzo, usimpelekee ya saba kwa kuwa ndiyo unayoipenda. Barua isizidi ukurasa mmoja. Muhtasari useme hadithi inaishaje, jambo ambalo waandishi wapya hulikwepa wakidhani wanamwachia mhariri hamu. Mhariri hataki kuachiwa hamu, anataka kujua kama umeweza kuimaliza hadithi yako.

Kisha subiri, na kusubiri ni kwa miezi. Majibu mengi yatakuwa mistari miwili ya adabu isiyokufundisha lolote. Lakini wahariri wawili wasiojuana wakikwama kwenye sura ileile, irudie hiyo sura hata kama marafiki zako wote wameisifu.

Jibu zuri likija, shangilia siku hiyo, halafu usome mkataba kama mtu asiyejua kufurahi. Kifungu cha mrabaha kwanza, yaani sehemu yako kwa kila nakala inayouzwa. Asilimia 10 ya nini? Chukua kitabu ambacho bei yake ya jaladani ni 1,000. Asilimia 10 ya bei hiyo ni 100. Lakini kama mchapishaji humuuzia mwenye duka kwa punguzo la asilimia 40, kinachomfikia ni 600, na asilimia 10 ya mapato hayo ni 60. Namba ni ileile 10, mfuko haufanani. Ukipewa malipo ya awali, fahamu kwamba hukatwa kwenye mrabaha wako wa baadaye, na hupati kingine mpaka yafidiwe.

Angalia pia unachoachia: lugha gani, nchi zipi, kwa muda gani. Tafsiri, kitabu cha sauti na filamu ni haki tofauti, na hakuna sheria inayosema ziende zote kwa mtu mmoja. Muulize mchapishaji ana mpango gani na kila moja. Asipokuwa nao, ibaki kwako. Cha kurudishiwa haki ndicho kifungu ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Mikataba ya zamani ilisema haki zinarudi kitabu kikiisha sokoni, ila toleo la kidijitali haliishi kamwe. Taka kiwango kiandikwe: mauzo yakishuka chini ya nakala kadhaa kwa mwaka, haki zirudi kwako.

Kuomba mabadiliko si utovu wa adabu, na mchapishaji makini hakasiriki. Niliomba vifungu viwili vya mkataba wangu virekebishwe: kimoja kilichowapa haki ya filamu, na kingine kilichonilazimisha kuwapelekea wao kwanza mswada wangu unaofuata. Cha filamu walikiondoa bila mjadala. Hicho cha pili walikataa kukitoa, ila wakakubali kukiwekea ukomo: wasipojibu ndani ya siku 60 tangu waupokee mswada, niko huru kuupeleka kwingine. Nikasaini.