Maswali ya Wasomaji: Hizi stepu za salsa na chacha ni za nani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili na tumeanza kujifunza salsa ili tufungue muziki vizuri ukumbini. Mwalimu anatuhesabia "moja mbili tatu, tano sita saba", nne na nane anaziruka tu. Sasa baba mdogo ametuona tunafanya mazoezi uani akasema tunapoteza pesa kwa dansi za wazungu, na yeye ndo bingwa wa chacha na rumba kila arusi hapa kwetu! Tuelezeeni, hizi dansi ni za nani, na kwa nini nne inarukwa? – Bibi arusi mtarajiwa, Kasese

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa ndoa. Baba mdogo hajakosea kote. Huu utaratibu wa kucheza wawili wawili kwa stepu zilizopangwa, mbele, nyuma, geuka, kweli sehemu yake imetoka Ulaya. Waingereza walikuwa na dansi zao za vijijini, mwaka 1651 John Playford wa London akachapisha kitabu cha kuzielekeza, Wafaransa wakazichukua wakazifanya zao, halafu zikavuka bahari na walowezi mpaka Haiti na Cuba. Sasa jiulize, kule kwenye kumbi za mabwana nani alikuwa anapiga muziki? Mara nyingi ni Waafrika na watoto wao, watumwa na walioachiwa huru, na wengi waliopelekwa Cuba walitolewa bonde la mto Kongo, yaani majirani zenu nyinyi watu wa Kasese. Wao ndo walioiingizia ngoma ile dansi, miguu ikaanza kufuata mdundo mwingine, na kiuno kikapata kazi.

Mwaka 1879 pale Matanzas, Cuba, Miguel Faílde na bendi yake wakapiga danzón (dansi ya Cuba iliyozaliwa na mchanganyiko huo) ya kwanza kutambulika rasmi, na utumwa Cuba ulikuwa haujaisha, umekuja kuisha 1886. Kutoka danzón ikaja dansi iitwayo "mambo", nayo ilikuwa inawasumbua watu, mdundo unakwepakwepa, miguu inapotea. Mpiga fidla mmoja wa Havana, Enrique Jorrín, akawa anawaangalia wachezaji wanavyohangaika, mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatunga nyimbo zenye mdundo ulionyooka, wachezaji nao wakajibu kwa stepu tatu za haraka, cha-cha-cha, soli za viatu zinakwaruza sakafu. Hiyo ndo chacha ya baba mdogo! Haikushushwa na mwalimu yeyote wa Ulaya, imezaliwa ukumbini, mwanamuziki na wachezaji wanatazamana.

Halafu muziki huo ukarudi nyumbani Afrika. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ikawa inauza Afrika santuri za Cuba zenye alama ya GV, watu wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakazisikia wakaona mbona hii tunaijua, wakaipigia gitaa, wakaiimbia Kilingala. Mwanamuziki Joseph Kabasele akaanzisha bendi ya African Jazz 1953, na mwaka 1960 uhuru wa Kongo ukaimbiwa chacha. Kutoka huko ilikuwa rahisi kufika kwenu, ni kuvuka mpaka pale Mpondwe tu. Rumba ya Kongo UNESCO wameitambua 2021, kwa maoni yangu walichelewa sana. Salsa yenyewe imepikwa New York miaka ya 1960 na 1970 na Wapuertoriko pamoja na Wacuba, kwa vitu hivyohivyo vya Cuba. Kwa hiyo mwambie baba mdogo kwa heshima kwamba dansi yake na yenu zina babu mmoja.

Kuhusu nne: hairukwi, inasikilizwa. Kaa karibu na spika usikilize ngoma ya konga peke yake. Kwenye mbili utasikia kofi kavu, "pa!", na kwenye nne zinafuatana sauti mbili nzito, "tun-tun". Mguu unatulia kidogo pale ambapo ngoma inaongea, uzito unahama taratibu ndo unaingia tano. Walimu wanaopiga kelele za namba bila kumfundisha mtu kusikia konga wanamnyima mwanafunzi nusu ya dansi, na mimi hilo linaniuma kwa kweli. Mwombe mwalimu wenu awape dakika kumi kila somo za kusimama tu, mnapiga makofi na konga, hakuna stepu. Mtaona tofauti kabla ya arusi.

SWALI: Wazee wa kanisa letu wamekubali waltz tu kwenye sherehe, eti ndo dansi ya heshima. Ni kweli? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Wazee wako tuwaheshimu, ila waltz nayo ilitukanwa sana. Mwaka 1816 gazeti la Times la London liliilaani baada ya kuchezwa ikulu, kisa wawili wanashikana kifua kwa kifua. Heshima iko kwa wachezaji jamani, chezeni waltz yenu kwa raha.

SWALI: Marehemu babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza), akitusimulia ngoma ya beni, wanaume wanacheza kwa hatua kama gwaride. Hiyo nayo ni dansi ya stepu? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ni ya stepu kabisa, tena ya kwetu Afrika Mashariki! Beni ilianza pwani, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, vijana wa Kiswahili walisikia bendi za matarumbeta za wazungu wakaunda za kwao, wana sare, wana vyeo, kuna mfalme kuna jenerali, na makundi yanashindana, kule Tanganyika yakaitwa Marini na Arinoti. Vita vya 1914 mpaka 1918 vikachanganya maaskari na wapagazi, wakirudi makwao wanarudi na beni, ikafika hadi Malawi. KAR ilikuwa na batalioni yake ya Uganda, ya 4, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo nyimbo zilipita bila mkalimani. Kama bibi yuko hai anakumbuka hata wimbo mmoja, mrekodi kwenye simu wiki hii, na mwombe asimame akuonyeshe na hatua zake.