Paka wa Mtaani Aliyedhoofika Alishwe Nini?

SWALI: Daktari, nimeokota mtoto wa paka nyuma ya duka langu hapa Majengo, Moshi. Meno ameshaota, lakini mbavu zinahesabika, anasimama kwa shida, na maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Nimsaidieje?

JIBU: Ndugu msomaji, mpe joto kabla ya chakula, kwa kuwa mtoto wa paka aliyepoa mwili hawezi kumeng'enya anachokula, na usiku wa Julai huko Moshi hauna huruma, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga ndani ya boksi inatosha, mradi apate nafasi ya kusogea mbali nayo. Maziwa ya ng'ombe yaache. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishibishwe siku ya kwanza, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ya madini katika damu yanaweza kumuua. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya saa 3 au 4, kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu na kupondwa pamoja na supu yake. Ugali haumjengi, kwani paka ni mla nyama.

Fizi zikiwa nyeupe, shuku viroboto na uwatoe kwa kichanuo chembamba, maana dawa za kuogeshea ng'ombe zenye pamethrini ni sumu kwake, sawa na parasetamoli, hata kipande tu. Dawa ya minyoo imsubiri daktari wa mifugo, ambaye nakusihi umwone mapema. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.