Ukitaka Kubishana na Mkenya Kuhusu Riadha

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka Doha. Kijana wa Kitanzania, mlinzi kwenye jengo la ghorofa, analala chumba kimoja na Wakenya wanne. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Hawa jamaa wananimaliza. Nimewatajia Simbu, wamenijibu saba kwa moja, na kicheko juu. Nipe hoja."

Saba kwa moja siyo matokeo ya mpira. Ni dhahabu. Kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo, Septemba 2025, Kenya iliondoka na dhahabu 7, ikashika nafasi ya pili nyuma ya Marekani. Sisi tuliondoka na 1, ya Alphonce Simbu kwenye marathoni, dhahabu yetu ya kwanza tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Tena hao wa Doha wamemhurumia. Wangetaka kumkomoa wangemwambia kwamba dada zao walizoa mbio zote za wanawake kuanzia mita 800 hadi marathoni, pamoja na ile ya viunzi na maji. Hawakubakisha hata moja.

Nilimjibu nitamwandikia nikitulia. Ndiyo hii, na wengine someni humu humu, maana najua hayupo peke yake. Kila Mtanzania aliyewahi kufanya kazi na Wakenya ameshakalishwa kitako kwenye hili somo.

Mimi nilikalishwa Namanga, mpakani na Kenya. Ni wakala wa forodha pale, mwaka wa kumi na nane sasa, na kwenye kazi yetu kuna siku magari hayaendi. Makaratasi yanasubiriwa, madereva wamejaa kwa mama wa chai, na watu wakishiba chapati ubishi unaanza wenyewe. Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja dereva wa trela, Mnandi, kavaa kofia ya sufu kwenye jua la saa saba. Alikuwa anasema kwa upole kabisa kwamba Tanzania haina riadha, ina watu wachache waliokimbia. Nikapandwa na hasira. Nikapiga meza, chai ya jirani ikamwagika, nikasema: "Mzee, Filbert Bayi alichukua dhahabu ya Olimpiki Montreal, mwaka 1976! Tuwekeane kilo mbili za mbuzi!"

Hakunijibu upesi. Alimaliza andazi lake, akajifuta vidole kwenye gazeti.

"Kijana wangu, Montreal nani alikimbia?"

"Bayi."

"Na Kenya ilikuwa wapi?"

Nikanyamaza.

"Kenya ilikuwa nyumbani. Na nyinyi mlikuwa nyumbani. Ilikuwa ile maneno ya New Zealand kuenda kucheza raga na Makaburu, Waafrika tukasusia. Hakuna Bayi alikimbia Montreal. Sasa agiza mbuzi."

Niliagiza. Kilichoniuma siyo hela. Tangu siku ile madereva wa upande ule hawaniiti jina langu. Wananiita Montreal. Kuna vijana wameanza kuendesha juzi juzi, hawajui hata asili yake, nao wananiita hivyo hivyo: "Montreal, karatasi zangu zimetoka?"

Kwa hiyo ndugu yangu wa Doha, ushauri wa kwanza ni huu: hakiki kwanza. Ukitaja mwaka, uwe umeuhakiki. Ukitaja mji, uwe umeuhakiki. Wakenya hawa riadha wameinyonya na maziwa. Ukikosea tarakimu moja umekwisha, hata kama mengine yote uliyosema ni kweli.

Na kweli tunayo, tena nzito kuliko ule uongo wangu. Nilipokwenda kusoma baada ya aibu ile ndipo nilipojua. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio hizo kwa kawaida watu wanaviziana, kila mmoja anamwachia mwenzake upepo, wanakuja kufyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi hakumvizia mtu. Risasi ilipolia akatoka mbele na akabaki mbele, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wenzake wakisubiri achoke. Hakuchoka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, kwao, mbele ya watu wake, alikuwa wa pili, naye pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Na wa tatu, sikiliza vizuri kijana, wa tatu alikuwa Ben Jipcho. Mkenya. Siyo Mkenya wa kuokoteza: ni yule yule aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 na ya viunzi na maji kwenye michezo ile ile.

Hiyo ndiyo hoja. Hapo hakuna mtu atakwambia Kenya haikuwepo. Mwaka uliofuata, Mei 1975, Bayi akaenda Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja, 3:51.0. Walker aliivunja Agosti ya mwaka ule ule, lakini ilishakuwa yetu.

Sasa angalia mtego. Ukishamtaja Bayi utataka kuendelea na Moscow 1980, kwa sababu ndipo zilipo medali zetu mbili za Olimpiki, na mpaka leo ni hizo hizo mbili: fedha ya Bayi kwenye mita 3,000 viunzi na maji, na fedha ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Mkenya anayejua atakuacha uzitaje, halafu atakuuliza kwa upole ule ule wa andazi: Moscow Kenya ilikuwepo? Haikuwepo. Ilisusa pamoja na Marekani, sisi tukaenda. Kwa hiyo kabla hajauliza, sema mwenyewe. Sema Kenya haikuwepo, lakini Nyambui alizidiwa na Miruts Yifter wa Ethiopia, na tofauti haikufika sekunde moja. Mtu aliyeachwa na Yifter kwa chini ya sekunde hakubahatisha. Ukikitaja wewe kwanza kile kinachokudhuru, kinapoteza makali.

Zamani nilikuwa namtaja sana na Juma Ikangaa. Siku hizi namtaja kwa uangalifu. Boston 1988 aliachwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, marathoni nzima, sekunde moja! Akawa wa pili tena 1989, akawa wa pili tena 1990. Ukimtaja Boston unawapa wao furaha. Mtaje New York 1989, alikoshinda kwa 2:08:01.

Haya. Nimekupa hoja. Lakini nikikuacha hapo nitakuwa nimekudanganya kama nilivyojidanganya mimi, kwa hiyo vumilia.

Yule mzee alikuwa na haki ya kula mbuzi wangu hata kama ningepatia mwaka. Alisema Tanzania ina watu wachache waliokimbia, na ukipanga majina yetu kwenye mstari ndivyo yanavyoonekana: Christopher Isegwe, fedha ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Helsinki 2005. Halafu kimya cha miaka 12 mpaka shaba ya Simbu, London 2017. Halafu miaka 8 mpaka dhahabu ya Simbu. Katikati unamkuta Gabriel Geay na muda wake wa 2:03:00 wa marathoni ya Valencia 2022, unamkuta Magdalena Shauri, wa tatu Berlin 2023. Wote ni watu wa kutajwa kwa heshima. Lakini Mkenya akianguka leo kuna wengine ishirini wanafunga kamba za viatu pale Iten, mji wao wa mazoezi ya mbio. Kwetu akiumwa mmoja goti, taifa zima limeumwa goti.

Na usinitolee ile ya udogo wa nchi. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61. Botswana hawafiki hata milioni 3, na Tokyo walichukua dhahabu ya mita 400 na ya kupokezana vijiti mara nne mita 400.

Tatizo siyo miguu. Hili nalisema nikiwa nalijua, siyo la kusoma.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilizaliwa Mbulu, shule ilikuwa kilomita saba, na sikuwahi kufikiri kwamba kwenda na kurudi mbio ni mazoezi. Ilikuwa ni kuchelewa tu. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nilishinda mita 1,500 ngazi ya wilaya, nikawa wa pili mkoani, kwa raba za kuazima zilizokuwa zinanizidi namba, nimejaza karatasi za daftari kwenye vidole. Wawili wa kwanza walikuwa wanakwenda taifa. Siku ya safari nilifika mapema na begi la mama. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Majina yote yameandikwa kwa kalamu ya wino, ila nafasi ya pili ya mita 1,500 ilikuwa na alama ya kufutwa, karatasi imekuwa nyembamba kwa kusuguliwa, na juu yake jina la kijana mwingine. Aliyekuwa wa tano. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Kijana yule alikuwa na mjomba. Sina haja ya kusema mjomba alikuwa nani, wala sijui kama yu hai. Basi lilipoondoka nilibaki nimesimama na begi, mwalimu mmoja akaniambia, "Mwakani, baba." Mwakani nilikuwa nimeshaacha kukimbia. Nilianza kuchukia hata ile njia ya shule.

Nimeandika blogu hii kwa miaka sita na hilo sijawahi kuliandika. Mke wangu atalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Sasa mnaona kwa nini nilipiga meza pale Namanga. Sikuwa namtetea Bayi. Bayi hahitaji wakala wa forodha kumtetea. Nilikuwa natetea yale makaratasi ya daftari ndani ya raba. Na nina wasiwasi nusu ya kelele tunazopiga mitandaoni kuhusu hadhi ya nchi ni za namna hiyo, mtu analia na lake, anasingizia taifa.

Kwa hiyo niwaulize nyie mnaoshinda mnabishana na Wakenya: mara ya mwisho mlikaa lini ukingoni mwa uwanja wa shule ya msingi mkaangalia watoto wakikimbia? Nani kati yenu amewahi kumnunulia mtoto wa jirani viatu vya mbio? Tunamjua kocha wa kila timu ya Uingereza, mwalimu wa michezo wa shule ya mtaani hatumjui hata jina. Hela ya jezi mpya ya mpira ipo. Ya saa ya kupimia muda haipo. Halafu Septemba ikifika tunataka Simbu atubebe, na akishinda tunaandika "tumeshinda". Tumeshinda nani? Ulikuwa umelala!

Nimekemea sana, najua. Na mwanangu mwenyewe ana miaka kumi na tatu, anapelekwa shule kwa bodaboda. Kilomita mbili.

Lakini mimi sikulala. Marathoni ya Tokyo ilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu. Nilikaa jikoni na simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti nimeifunga nisiamshe watu. Kwa muda mrefu hakukuwa na la kuona, kundi kubwa linakwenda pamoja. Mwishoni wakaingia uwanjani watatu, Simbu, Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia, na Petros akawa ametangulia. Mita za mwisho nilishasema moyoni, fedha, siyo mbaya, fedha ni heshima. Halafu nikamwona Simbu anaongeza. Walifika kwenye mstari pamoja, Mjerumani akaanguka chini, na sikujua nani kashinda. Simbu naye hakujua, mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini. Wote waliandikiwa 2:09:48. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Piga kope moja, hiyo ni ndefu zaidi.

Nililia. Saa tisa na dakika arobaini usiku, mtu mzima, jikoni, naziba mdomo na taulo la vyombo.

Kabla sijanyanyuka simu ikaita. Namba ya Kenya. Yule mzee ameshastaafu, yuko kwake Kapsabet, na sikujua kama bado ana namba yangu.

"Montreal, umelala?"

"Sijalala, mzee. Shikamoo."

"Nimeona. Hiyo ni yenu. Hiyo siwezi kubisha."

Nikamshukuru. Nilikuwa natafuta maneno ya kumkumbusha mbuzi, kwamba safari hii zamu ni yake, akaniwahi.

"Sasa niambie. Huyo mwingine, wa baada ya Simbu, mnamtoa wapi?"

Nikamwambia salio linakata, tutaongea asubuhi. Nilishakata simu ndipo nikakumbuka kwamba aliyepiga ni yeye.